Mabaraza Matano na Mstari wa Maili Kumi: Malindi, Takaungu na Kilifi hadi 2013

Jumatatu ya tarehe 4 Machi 2013 kila Mkenya aliyefika kituoni alipewa karatasi sita za kura. Kura ya rais ndiyo iliyozungumzwa dunia nzima. Lakini kura ya gavana na ile ya mwakilishi wa wadi ndizo zilizofunga ofisi za watu. Kwa kura hizo mabaraza 175 ya miji, manispaa na wilaya yalifika mwisho wao, na mahali pake zikakaa kaunti 47. Katika pwani iliyo baina ya hori ya Mtwapa na nchi iliyo kaskazini ya mto Sabaki yalikuwapo mabaraza matano: la manispaa ya Malindi, la mji wa Kilifi, la mji wa Mariakani, na mabaraza mawili ya wilaya, moja la Kilifi na moja la Malindi. Yote matano yaliyeyuka ikawa Kaunti ya Kilifi.

Huenda msomaji akaona kwamba khabari ya madiwani na makarani si ya jarida kama hili. Tumezoeana kwa nasaba, majahazi na nyaraka za masultani. Lakini katika familia zinazotusoma Maskati, Dubai na London hazikosekani zenye mzee aliyezikwa Takaungu au Mambrui, au nyumba ya mawe Malindi ambayo jamaa mmoja huko huko huilipia kodi kila mwaka. Wakiuliza "mji sasa ni wa nani?", swali hilo ni la historia kabla ya kuwa la ofisi. Kilichotokea 2013 si kuunganisha mabaraza tu. Ni kufutwa, kwa upande wa utawala, kwa mstari ambao wazee wetu waliishi ndani yake, na ambao uliwaweka wengine nje.

Mstari wenyewe una umri wa kujulikana. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipokaa kugawana Afrika Mashariki, walimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi za bahari kupimwa kutoka mahali maji yanapofika yakijaa. Mwaka uliofuata Sayyid Barghash aliwakodisha Waingereza sehemu ya kaskazini ya ukanda huo. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliichukua nchi kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikiitawala, ikaendelea kumlipa Sultani kodi yake. Mwaka 1920 nchi ya bara ikatangazwa koloni, na ukanda ukabaki himaya chini ya enzi ya Sultani. Ndiyo maana jina rasmi likawa refu: Koloni na Himaya ya Kenya. Bendera nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa hadi 1963.

Juu ya ardhi mstari huo hauonekani. Hakuna ukuta, hakuna handaki. Mgiriama aliyekuja soko la Malindi na mzigo wake aliuvuka bila kujua ni saa ngapi ameuvuka. Lakini kwenye karatasi ulikuwa na nguvu. Ndani yake walikuwapo liwali, mudir na kadhi, wakifanya kazi chini ya Mwingereza lakini kwa jina la Sultani. Nje yake walikuwapo mkuu wa wilaya na vijumbe wake, na nyuma yao wazee wa kaya. Mwarabu wa Mambrui na Mgiriama wa Marafa, ambao wangeweza kusikilizana ngoma zao usiku wa upepo mzuri, walikuwa raia wa nchi mbili.

Tena ndani ya ukanda hapakuwa na mji mmoja wala moyo mmoja. Mamazrui waliposhindwa Mombasa mwaka 1837 na Sayyid Said, na wakuu wao kukamatwa na kusafirishwa, waliobaki waligawanyika: wengine Gazi, kusini, wengine Takaungu, kusini kidogo ya hori ya Kilifi. Takaungu ikawa mji wao, na mashamba yao yakaenea huko na huko. Malindi ilikuwa kitu kingine. Mji ule ambao Vasco da Gama aliufikia 1498, na ambao sultani wake alihamia Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, ulikuwa umekuwa gofu kwa muda mrefu. Ulifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid, kwa askari na kwa majembe. Katika muda mfupi Malindi ikawa ghala la nafaka: mtama na ufuta ulipakiwa majahazini ukaenda Arabuni. Liwali wake mashuhuri, Salim bin Khalfan al-Busaidi, ambaye baadaye alikuwa liwali wa Mombasa, alikuwa na mashamba makubwa mwenyewe.

Kwa hiyo kwenye kipande cha pwani ambacho leo mtu hukipita kwa gari kabla ya adhuhuri, palikuwa na Mabusaidi upande mmoja na Mamazrui upande wa pili, kila mmoja na mji wake na kumbukumbu zake za 1837. Mwaka 1895 mkuu wa Takaungu alipofariki, Waingereza walimkalisha Rashid bin Salim na kumpita mwenziwe aliyedai kuwa na haki zaidi. Ugomvi wa nyumba ukawa vita vya Mwambao. Mbaruk bin Rashid wa Gazi aliingia vitani, na haikuisha mpaka 1896 alipovuka mpaka na watu wake kuingia nchi ya Wajerumani. Alifia Dar es Salaam. Kuanzia hapo hapakuwa tena na mkuu wa Takaungu. Palikuwa na mudir.

Hapa inatubidi tuseme jambo ambalo katika mazungumzo ya barazani huwa twalipita haraka. Nafaka ile ya Malindi ililimwa na watumwa. Utumwa haukukomeshwa na sheria upande huu wa pwani mpaka 1907, na kabla ya hapo watoro waliokimbia mashamba ya Malindi na Takaungu walikwenda Rabai kwa wamisionari, au walijenga vijiji vyao bara, nje ya mstari. Mwaka mmoja baada ya utumwa kukomeshwa ilikuja Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908. Msajili alikaa akasikiliza madai ya ukanda wa pwani. Aliyekuwa na hati, shahidi na lugha ya kusema mbele ya msajili aliandikiwa ardhi yake. Mamazrui wa Takaungu waliwekewa ardhi ya wakfu wa ukoo kwa sheria ya 1914. Mmijikenda aliyelima pale pale kwa vizazi hakuandikiwa. Akawa skwota juu ya mchanga aliozaliwa. Mwaka huo huo wa 1914 Wagiriama walioamriwa kuhama kaskazini ya Sabaki walikataa, nyumba zao zikachomwa, wakapigwa faini ya rupia laki moja.

Hatuyasemi haya ili kuwalaumu waliokwisha kufa. Twayasema kwa sababu bila yake mtu hawezi kuelewa kwa nini kuunganisha mabaraza katika pwani hii ni jambo zito kuliko kubadilisha kibao mlangoni.

Utawala wa mitaa ulipokuja, ulikuja kwa rangi za watu. Mabaraza ya wenyeji yaliundwa kuanzia 1924 kwa ajili ya Waafrika. Baada ya tume ya Jaji Feetham, sheria ya 1928 iliipa miji mikubwa halmashauri za manispaa, Mombasa ikiwamo, na ikawapa walowezi wa Kizungu mabaraza yao ya wilaya. Katika mfumo huo mtu wa Malindi hakuwa na mahali pazuri pa kukaa. Hakuwa mlowezi, na serikali haikumhesabu mwenyeji. Alichokuwa nacho ni liwali, na liwali si baraza. Liwali huteuliwa, watu humwendea, hukaa chini, husikilizwa, na jibu hutoka kwake. Wazee wetu waliuona utaratibu huo ni heshima, na kwa hakika walikuwapo maliwali waliokuwa watu wa haki na elimu. Lakini haukuwafunza kukusanya kura wala kukaa meza moja na jirani wa bara kugawana pesa za barabara. Wakati mabaraza ya wenyeji, yaliyoitwa mabaraza ya Kiafrika ya wilaya kuanzia 1950, yalikuwa yakijifunza kazi hiyo kwa shida, sisi tulikuwa tukiandika barua kwa Sultani.

Barua zilikuwa nyingi zaidi mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, siku za Mwambao. Wapo waliotaka ukanda ujitawale wenyewe, wapo waliotaka urudi Zanzibar, na wapo, hasa ng'ambo ya pili ya mstari, waliotaka uingie Kenya bila masharti. Sir James Robertson aliletwa 1961 kuchunguza, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Makubaliano yalitiwa saini London tarehe 8 Oktoba 1963, siku chache baada ya Mzee Jomo Kenyatta na Sheikh Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, kuandikiana barua za ahadi. Waislamu wangehifadhiwa sharia yao na makadhi wao. Hati za ardhi zilizosajiliwa zingeheshimiwa. Na katika sehemu zenye Waislamu wengi watawala wangekuwa Waislamu kadiri iwezekanavyo. Mwezi mmoja baada ya uhuru wa Kenya, yule aliyeahidiwa hakuwa tena na serikali. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliiondoa.

Huo ulikuwa muungano wa kwanza. Maliwali na mamudir waliondoka muda si mrefu. Mahali pao palikuja baraza la wilaya la Kilifi, lililokusanya pwani na bara katika daftari moja kwa mara ya kwanza. Kwa muda mfupi kulikuwa na majimbo pia, na Ronald Ngala, mtoto wa upande wa Kaloleni, aliongoza Jimbo la Pwani. Majimbo yalikufa kabla ya 1964 kwisha. Mabaraza hayakuuawa, bali yalidhoofishwa. Sheria ya 1969 iliyanyang'anya mabaraza ya wilaya shule za msingi, afya na barabara, kazi tatu ambazo kwazo mwananchi hulijua baraza lake. Yaliyobaki yalikuwa ushuru wa soko, leseni za maduka, na mishahara ya watu wa baraza lenyewe, ambayo mara nyingi ilichelewa.

Malindi ilikwenda njia yake. Watalii walikuja, Waitaliano zaidi ya wote. Mji uliokuwa ukipakia mtama ukajenga hoteli, ukapata baraza lake la manispaa na meya wake. Katika miaka ya 1990 Malindi ilikatwa kutoka Kilifi ikawa wilaya kamili, na baraza la pili la wilaya likazaliwa. Wazee wa mji walifurahi. Kwao ilikuwa kama kurudi kwa cheo kilichopotea tangu siku za liwali: Malindi haikuwa tena ya kuagizwa kutoka Kilifi, kijiji ambacho katika ujana wao kilikuwa kivuko tu, mahali pa kungoja feri ya Mnarani, kabla daraja halijafunguliwa 1991.

Furaha hiyo ilikuwa na kasoro ambayo hakuna aliyeiona wakati ule. Katiba mpya ilipoandikwa, na kutangazwa tarehe 27 Agosti 2010, waandishi wake walitafuta orodha ya wilaya ambayo hakuna rais angeweza kushutumiwa kwamba aliitengeneza ili apate kura. Walichukua ile ya sheria ya 1992. Malindi ilikuwa imezaliwa baada ya sheria hiyo. Kwa miaka michache tu ilikosa kuwa kaunti. Lamu, iliyo na watu wachache zaidi sana, ilikuwamo katika orodha ya 1992, nayo ikapata. Wapo Malindi wanaoliona jambo hili kama dhuluma mpaka leo. Sisi twaliona kama ajali ya tarehe. Kwa mtu aliyepoteza makao makuu, huenda tofauti hiyo isimpoze.

Suluhu iliyopatikana ni ya kipwani kabisa. Gavana na mawaziri wake wanakaa Kilifi. Bunge la kaunti linakaa Malindi. Kwa hiyo waziri wa kaunti anayeitwa kujibu maswali hupanda gari, hupita Gedi na msitu wa Arabuko-Sokoke, na baada ya kilomita zipatazo 60 hufika kwenye mji uliokuwa wa liwali kujibu mbele ya wawakilishi ambao wengi wao wanatoka upande ambao liwali hakuwa na amri. Tumesikia watu wakilicheka jambo hili kwamba ni upotezaji wa mafuta. Huenda ni kweli. Lakini kwa miaka mia na zaidi hakuna aliyekuwa na haja ya kwenda kujibu Malindi.

Kaunti hiyo si ndogo. Hesabu ya watu ya 2019 iliwakuta 1,453,787, juu ya nchi ya kilomita za mraba zaidi ya 12,000, kuanzia hoteli za Watamu hadi Bamba ambako mvua ikikosa misimu miwili watu hungoja chakula cha msaada. Ni utawala wa ngazi moja: chini ya kaunti hakuna tena diwani wa mji wala meya wa kuchaguliwa. Sheria ya miji ya 2011 ilitaka mji uwe na watu 250,000 ndipo uitwe manispaa, sharti ambalo Malindi haikulifikia hata nusu. Lilipunguzwa kuwa 50,000 mwaka 2019. Malindi inaitwa manispaa tena sasa, lakini jina ni lile lile na kitu si kile kile. Bodi yake si baraza la madiwani waliopigiwa kura mtaa kwa mtaa. Pesa zake zinapitia kaunti. Mtu wa Shela ya Malindi mwenye mtaro ulioziba alikuwa zamani akimwendea diwani wake nyumbani baada ya magharibi. Leo anaye mwakilishi wa wadi, mmoja kati ya 35, ambaye lazima amshinde mwenziwe wa Ganze asiye na maji ya kunywa kabisa. Kwa haki, yupi asikizwe kwanza? Twajua jibu tungelitoa zamani, na twajua kwa nini.

Faida ipo, na haina budi kuandikwa. Zahanati, zilizochukuliwa na Nairobi 1970, zimerudi mikononi mwa watu wa huko huko, na hospitali za wilaya pia ziko mikononi mwao. Mgao wa pesa za taifa huja kwa kanuni, na hesabu yake hutangazwa. Lakini mabaraza matano yalipokufa yaliacha pia madeni, watumishi, magari mabovu, viwanja ambavyo havikujulikana vimegawiwa nani, na makabati ya karatasi. Mamlaka ya Mpito iliyopewa kazi ya kuhesabu mali hizo nchini kote ilimaliza muda wake 2016, na kazi iliyobaki ikapewa kamati nyingine.

Kwa familia zilizo nje, jambo la makabati ndilo la kuangaliwa. Hati ya ardhi iliyosajiliwa haikuwa ya baraza hapo kwanza wala si ya kaunti sasa. Iko katika masjala ya ardhi, ambayo ni ya serikali ya taifa. Lakini si kila kiwanja cha mji kina hati. Vingi vina barua ya kugawiwa, iliyotolewa na baraza, na nakala yake iko, au ilikuwa, katika faili la karani. Daftari za kodi za viwanja, ambazo mara nyingi ndizo ushahidi pekee kwamba nyumba fulani ililipiwa na marehemu fulani tangu mwaka fulani, zilikuwa za baraza pia. Mwenye risiti za zamani za manispaa ya Malindi katika sanduku la mama yake huko Seeb au Sharjah asizitupe. Atengeneze nakala, aandike juu yake jina la mtaa kama lilivyotumika wakati ule. Ardhi ya wakfu wa Mamazrui ni mfano wa jinsi karatasi inavyoweza kugeuka: sheria ya 1914 ilifutwa na Bunge 1989, na shauri likafika Mahakama Kuu. Katika hayo yote waliokuwa na maandishi walikuwa na la kusema.

Na ile ahadi ya 1963? Sehemu yake ya watawala Waislamu haikuacha alama katika utaratibu wa kaunti. Gavana huchaguliwa kwa kura, basi. Sehemu ya makadhi imebaki, lakini imehamia mahali pengine. Katiba ya 2010, baada ya mabishano makali, iliwaweka makadhi ndani ya mahakama za taifa kwa ajili ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kwa Waislamu wanaokubali kwenda kwao. Kadhi aliyekuwa jirani wa liwali leo hana uhusiano wowote na gavana.

Tuliipitia orodha ya majina ya wadi 35 za Kaunti ya Kilifi kutafuta miji ya wazee wetu. Malindi imo, na Shella imo. Takaungu haimo. Mambrui haimo. Bamba, Ganze, Marafa, Garashi na Kayafungo, zilizokuwa nje ya maili kumi, zimo zote.